Darsa la Ramadhani 14: Matone ya jicho, saumu na mimba



Juzi baada ya tarawehe dada mmoja mjamzito alimtuma mumewe aniulize. Ana presha ya macho, na tangu mwezi uandame kaacha dawa ya matone kwa kuogopa kufungua. Jirani naye kamwambia mimba yenyewe inashusha presha, dawa ya nini? Swali hili ni la wengi, tulijibu hapa.

Saumu kwanza. Katika madhehebu yetu ya Shafii jicho si tundu lenye njia ya wazi ya kufika ndani, kwa hiyo wanja na matone havibatilishi saumu, hata ukisikia uchungu wake kooni. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1997 nalo lilisema matone hayafunguzi, mradi mtu ajizuie kumeza kinachofika kooni. Basi lile tone la adhuhuri tia tu.

Jirani hakukosea moja kwa moja. Kwa wanawake wengi presha ya jicho hushuka mimba inapokua, ila wengine haishuki, na wapo inayowapanda. Kwa kuhisi hujui, maana ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Unakula mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, mara nyingi uoni wa pembeni ukitangulia kupotea, na kilichopotea hakirudi. Ile presha anayopima nesi mkononi kliniki ya wajawazito ni ya damu, ndugu zangu. Jicho lina kipimo chake.

Hofu juu ya mtoto ni ya haki. Dawa haibaki yote jichoni: hupita kijitundu cha kona ya jicho, ikashuka puani, ikaingia kwenye damu. Nyingine hazifai mimba. Brimonidini, kwa mfano, huachwa kabla ya kujifungua kwa sababu inaweza kumlegeza mtoto mchanga na kupunguza pumzi yake. Lakini kubadilisha dawa ni kazi ya daktari, si ya jirani wala yangu. Mwambie mapema, ikiwezekana kabla ya kushika mimba. Anzia Mount Meru. Wakikuandikia KCMC Moshi, nenda.

Ukishatia tone, fumba jicho, bana kona ya ndani karibu na pua kwa kidole dakika mbili. Kooni hufika kidogo, na kwa mtoto hivyo hivyo. (Kidole kimoja, shekhe karidhika na daktari karidhika!)

Kufunga kwenyewe, mjamzito ana ruhusa ya kula akihofia madhara. Akihofia nafsi yake, atalipa siku tu. Akimhofia mtoto peke yake, atalipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Anayefunga asigugumie lita nzima ya maji wakati wa futari. Maji mengi kwa mkupuo hupandisha presha ya jicho kwa muda. Anywe kidogo kidogo mpaka daku.

Na waume: akitiwa dawa ya kupanua mboni ataona ukungu kwa saa kadhaa. Msindikize, usimwachie apande daladala peke yake.

Kesho in sha Allah, zaka ya fitri. Wabillahi tawfiq.