Degedege si Dege: Mtoto Apelekwe Kituoni Kwanza

Wazazi wa Mtendeni na mitaa ya jirani mmelalamika kwamba mkimleta mtoto kituoni kwetu usiku mnaulizwa kwa ukali, "Mbona mmechelewa?" Malalamiko yenu ni ya haki. Mzazi mwenye hofu hakaripiwi. Lakini swali lenyewe hatulifuti, maana kuchelewa ndiko kunakoua.

Hali mnaijua. Jioni mtoto yuko mkekani, mwili unawaka moto. Mara macho yanapanda juu, meno yanakazana, mikono na miguu inarukaruka. Bibi anasema, "Dege limempitia huyu. Msimpeleke hospitali, akichomwa sindano tu amekwisha." Basi anafukizwa moshi wa mavi ya tembo mpaka kunakucha.

Tunasema, na tutarudia: sindano haimuui mtoto mwenye degedege. Anayefariki muda mfupi baada ya kuchomwa, mara nyingi alifikishwa akiwa hoi.

Degedege ni dalili. Hapa Tabora cha kwanza kushukiwa ni malaria kali, ambayo vimelea vyake huziba mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo. Homa hii ni ya siku nyingi hapa kwenye njia ya zamani ya misafara. Ilimlaza msafiri Stanley pale Kwihara, karibu na mji wetu, mwaka 1871. Tofauti ni kwamba leo kipimo kipo na dawa ipo.

Tena kupona si mwisho. Watafiti waliwafuatilia watoto waliotibiwa malaria ya ubongo katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Baada ya miaka 2, karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na tatizo la umakini, kumbukumbu au kujifunza. Mtoto wako akiwa mzito darasani au hatulii baada ya ugonjwa huo, usimchape. Mweleze mwalimu, umrudishe kwa daktari.

Mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu na umpunguzie nguo. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, hata dawa. Mwenzako aite bodaboda wakati wewe unamshika mtoto. Kama bibi ana dua, aisome njiani, hatumkatazi. Tunachokataza ni kuanzia kwa mganga.

Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali ni bure kwa utaratibu uliopo. Mengine utaelezwa dirishani. Kadi ya kliniki ikipotea, njoo bila kadi. Chandarua hutolewa kliniki kwa mjamzito kwenye hudhurio la kwanza, na kwa mtoto anapochanjwa surua akiwa na miezi 9. Kazi hiyo tumeifanya na tunajivunia, ila chandarua kilichofungiwa sandukuni hakimkingi mtu.

Mama, baba, bibi, shangazi: mtoto akishikwa na degedege saa nane za usiku, ondokeni nyumbani saa nane hiyohiyo.