Kiseyeye Melini

Mwaka 1747 mabaharia wa meli ya vita ya Uingereza, Salisbury, waliugua kiseyeye. Fizi zilioza, magoti yakalegea. Dawa zilizosifiwa zilikuwa nyingi. Ipi ingewaponya?

Daktari wa meli, James Lind, alichagua wagonjwa 12 walioumwa karibu sawa. Aliwalaza mahali pamoja, wakala chakula kimoja. Kisha akawagawa wawili wawili. Kila wawili walipewa dawa yao. Wawili walikunywa siki. Wawili maji ya bahari, maskini. Wawili walikula machungwa na malimau.

Siku 6 zilipopita, mmoja wa wale wa machungwa alirudi kazini. Mwenzake aliwauguza waliobaki.

Maswali
1. Kama wote 12 wangepewa siki na machungwa pamoja, Lind angejuaje kilichowaponya?
2. Unataka kujaribu samadi kwenye mahindi. Kwa nini uache mistari mingine bila samadi?