Somo la 6: Kupumzika Chini ya Mretemu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Wafalme 19:1–18, Kutoka 34:21, Zaburi 127:2, 2 Wafalme 5:1–14, Mwanzo 1:29, 1 Wakorintho 6:19, 20, Marko 6:30–32, Luka 10:33–35.

Fungu la Kukariri: 3 Yohana 1:2. Lisome katika Biblia yako, kisha ulikariri pamoja na jamaa yako.

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kazi hufuatana bila kupeana nafasi. Mvua zikiisha, ufuta unavunwa. Ufuta ukitoka, mikorosho inachanua, nayo inahitaji salfa ili isishambuliwe na ubwiriunga. Kisha korosho zinaokotwa, zinaanikwa, zinapelekwa kwenye ghala la AMCOS, na mnada unasubiriwa. Mvua zinarudi, na jembe linarudi mkononi.

Mwili ukichoka, akili huchoka pamoja nao. Mshiriki anayesinzia wakati wa mahubiri, au aliyepoteza hamu ya kuomba, huweza kuambiwa kwamba amepoa kiroho, kumbe hajapata usingizi wa kutosha kwa majuma matatu. Je, Mungu humtendeaje mtu aliyechoka? Juma hili Biblia inajibu swali hilo kwa mkate, maji na usingizi.

JUMAPILI: Nabii Aliyeomba Kufa

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Eliya alikuwa katika hali gani, na Mungu alianza kumsaidia kwa kitu gani?

Eliya alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa juu ya mlima Karmeli. Alikuwa amekimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, kisha akakimbia tena kuokoa maisha yake. Huko Beer-sheba alimwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake. Chini ya mretemu aliomba afe.

Angalia utaratibu wa Mungu. Kwanza nabii alilala. Kisha malaika akamgusa na kumpa mkate na maji. Alilala tena, akaamshwa, akala tena. Swali la Mungu kuhusu kazi yake lilikuja baadaye, huko Horebu. Hata hapo Mungu hakumwacha na chakula tu: alimpa kazi ya kufanya, akamwonyesha kwamba hakuwa peke yake, na akampa Elisha awe mwenzake.

Uchovu wa Eliya haukuitwa dhambi. Muumba anakumbuka kwamba mwanadamu ameumbwa kwa mavumbi.

Je, umewahi kumkemea mtu ambaye alihitaji kwanza kula na kulala?

JUMATATU: Pumziko Wakati wa Mavuno

Soma Kutoka 34:21 na Zaburi 127:2. Kwa nini Mungu alitaja waziwazi wakati wa kulima na wakati wa kuvuna?

Ni rahisi kupumzika shamba likiwa halina kitu. Amri hii inagusa siku ambazo kupumzika kunaonekana kuwa hasara. Mkulima wa Ruangwa anajua maana yake: korosho zimedondoka, mawingu yamefunga, na Ijumaa jua linatua. Kuziacha chini mpaka Sabato ipite ni kukiri kwamba anayeyategemeza maisha si mikono yake.

Lakini Sabato moja haiwezi kulipa deni la usiku sita. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi kila usiku. Salfa hupuliziwa alfajiri, wakati upepo umetulia na umande ungali kwenye majani. Kwa hiyo anayeamka saa kumi usiku hana budi kulala mapema, na simu ipumzike pia. Tena vumbi la salfa huwasha macho, ngozi na mapafu. Kufunika pua na mdomo, kuoga na kubadili nguo baada ya kazi ni sehemu ya kuutunza mwili.

JUMANNE: Maji na Sabuni

Soma 2 Wafalme 5:1–14. Ni nini nusura kimkoseshe Naamani uponyaji wake?

Naamani alikasirika kwa sababu agizo lilikuwa dogo mno. Alitazamia jambo kubwa, akaambiwa akaoge.

Mkoa wa Lindi unaufahamu vizuri ugonjwa wa matende, unaoenezwa na mbu. Kingatiba husaidia kuzuia maambukizi, lakini haiwezi kuurudisha mguu uliokwisha kuvimba katika hali yake ya kwanza. Hata hivyo mwenye matende hakuachwa bila msaada. Kuosha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni, kuukausha vizuri hata katikati ya vidole, kuuinua wakati wa kukaa na kulala, kuchezesha kifundo, na kuvaa viatu visivyobana hupunguza homa na maumivu yanayorudi mara kwa mara. Pia humrudishia mtu ujasiri wa kukaa kati ya wenzake. Kwa wengi, aibu huumiza kuliko uvimbe wenyewe.

Lakini maji hayo yana mbebaji. Penye kisima cha mbali, ni mama au binti anayebeba ndoo. Nyumba inayohubiri usafi na kunywa maji ya kutosha lazima ijiulize pia nani anayeyateka, na kama wanaume wanaweza kushika ndoo.

JUMATANO: Meza Iliyo Shambani

Soma Mwanzo 1:29 na 1 Wakorintho 6:19, 20. Mafungu haya yanahusianaje na sufuria iliyo jikoni?

Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga uliofika mpaka Nachingwea, wakifyeka pori kwa matrekta. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Wakulima wa kawaida, kwa jembe la mkono, wanaendelea kula kutoka katika ardhi hiyo.

Mbaazi, choroko, karanga, ufuta, mihogo na maembe ni vyakula vya nyumbani. Ugali na mbaazi ni mlo unaojenga mwili vizuri bila gharama kubwa. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu. Bibo, ambalo wengi hulitupa baada ya kutoa korosho, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Bibo hilohilo likichachushwa huwa uraka, na nyumba nyingi zinajua machozi yanayofuata. Zawadi ni moja. Kiasi ndicho kinachotofautisha matumizi.

Je, baada ya magunia yote kwenda ghalani, watoto wamebakiziwa nini?

ALHAMISI: Faragha, Rafiki na Zahanati

Soma Marko 6:30–32 na Luka 10:33–35. Yesu aliwaitia nini wanafunzi wake? Msamaria alitumia njia zipi?

Kusubiri bei ya mnada kunaweza kumnyima mtu usingizi hata kazi ikiwa imekwisha. Ada za shule, madeni na maneno ya majirani hukaa kichwani. Sala ya faragha, matembezi ya asubuhi kwa yule anayeshinda dukani au ofisini, na mazungumzo na rafiki wa kweli huupunguza mzigo huo.

Lakini Msamaria hakuishia kwenye huruma. Alimfunga majeraha, akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa. Vivyo hivyo, mwenye homa apimwe malaria mapema. Mwenye dawa za presha asiziache kwa sababu ameanza kula mboga. Mtu ambaye huzuni yake imepita majuma mawili, au anayezungumza juu ya kufa kama Eliya, asiachwe peke yake; asindikizwe zahanati au hospitali ya wilaya. Kumsindikiza si kupungukiwa imani.

IJUMAA: Tafakari Zaidi

Mwezi Juni 1863, huko Otsego, Michigan, Ellen G. White alipewa njozi kuhusu afya. Katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji aliorodhesha dawa za asili: hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula kinachofaa, maji, na kumtumaini Mungu. Nyingi kati ya hizo zinapatikana hata kwa asiye na fedha. Hakuna inayonunua wokovu. Eliya alikula mkate kwa sababu alipendwa, si ili apendwe.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasa lenu linaweza kumsaidiaje mshiriki ambaye korosho zake ziko hatarini Sabato inapoingia?

2. Kwa nini ni rahisi zaidi kumwambia mtu aliyekata tamaa aombe kuliko kumpelekea chakula?

3. Kuna mtu mwenye matende, au mwenye huzuni ya muda mrefu, ambaye hajaonekana kanisani? Nani atamtembelea juma hili, na atabeba nini mkononi?

4. Taja badiliko moja dogo ambalo nyumba yako inaweza kuanza leo jua likitua.