Jinsi ya Kunenepa kwa Afya

Watu wengi hudhani kwamba mtu aliyekonda hana budi kushindilia ugali mpaka tumbo lijae. Sivyo. Mwili haujengwi kwa ugali peke yake. Katika mashamba ya Ndanai, Kaunti ya Bomet, vyakula vifaavyo vimo karibu: mursik ya maziwa yaliyochemshwa kwanza, mayai, maharagwe, uji wa wimbi na mboga za mgagani.

Mafuta hutia nguvu zaidi ya mara mbili kuliko wanga wa uzito ule ule. Kwa hiyo njugu zilizosagwa ndani ya uji, au parachichi, humfaa mtu asiyeweza kula kingi. Na ale mara tano kwa siku, kidogo kidogo. Chai asinywe pamoja na chakula, maana huzuia madini ya chuma yaliyomo katika mboga yasiingie mwilini. Kutembea na kulima bustani humletea hamu ya kula na kuimarisha misuli.

Lakini mtu akikonda pasipo sababu, tena akikohoa majuma mawili au kutoka jasho usiku, asitafute kunenepa kwanza. Na aende zahanati upesi apimwe kifua kikuu, ugonjwa unaoponyeka kwa dawa.