Mahekalu na Kazi za Mikono Nairobi: Pa Kwenda na Pa Kuruka

Mpenzi wa kazi za mikono asianzie soko la Maasai Market. Kila mwenyeji atakuelekeza huko, na mimi nakwambia subiri kwanza, kwa sababu ya madalali. Hujapiga hatua kumi utapata kijana mcheshi anayekukabidhi mfuko na kukuambia chagua tu unachopenda, bei mtaongea mwishoni. Kila unachookota anakiandika kwenye karatasi. Mfuko ukijaa anakuvuta kando na kukutajia jumla ambayo fungu lake limeshatiwa ndani. Mama aliyeinamia shanga hizo siku nzima hukumwona wala hukusikia bei yake, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko pesa zenyewe. Ukienda, kataa mfuko. Nunua kimoja kimoja, na pesa umpe mwenye bidhaa mkononi.

Anzia Ngara, penye kazi ya mikono ya mawe na mbao. Kwenye barabara ya Forest, siku hizi Prof. Wangari Maathai, lipo hekalu la Kihindu la Swaminarayan lililofunguliwa mwaka 1999. Mawe yake ya manjano yalitoka Jaisalmer, yakachongwa India, kisha yakasafirishwa hadi hapa na kuunganishwa kipande kwa kipande. Ndani ni mbao, nazo zimechongwa tangu chini hadi darini, hata pale ambapo jicho halifiki kirahisi. Vua viatu, funika mabega na magoti, uliza kabla ya kutoa simu kupiga picha. Nenda asubuhi.

Ukitoka hapo, soko la Kariokor haliko mbali, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Fundi wa ndala anakata ngozi mbele yako, anaigonga kwenye soli, halafu anakuita ujaribu kabla gundi haijakauka. Kamba isipokutosha, anairekebisha hapohapo. Vyondo navyo vimerundikwa hadi juu. Kiondo cha mkonge kishike, kikunje kidogo, kisha geuza utazame ndani: kilichofumwa vizuri hakionyeshi mwanga kati ya nyuzi. Bei hupunguzwa, ila usimkatie mtu mpaka akaona aibu.

Mshonaji au mfumaji apite Biashara Street, katikati ya jiji, akajichagulie vitambaa, kanga na vikoi. Msikiti wa Jamia uko jirani, na kuba zake tatu za rangi ya fedha zinastahili kutazamwa. Asiye Mwislamu aombe ruhusa mlangoni nje ya saa za swala.

Upande wa kusini-magharibi, safari yenyewe ndiyo mtihani. Kwenda kitongoji cha Karen, panda matatu namba 24 au 111. Uliza nauli kabla ya kukanyaga ngazi, maana mvua ikinyesha jioni huruka ikawa maradufu, na makanga hana muda wa kubishana na wewe. Simu usiishike dirishani. Teksi za programu nazo zina tabia yao: dereva anakupigia, anauliza unaenda wapi, kisha anataka ufute safari mkubaliane bei yake. Kataa, itisha nyingine.

Huko Karen wengi hukimbilia nyumba ya mwandishi Karen Blixen. Mimi naiona ni nyumba ya samani za mtu mmoja, basi. Muda huo upeleke Kazuri, karakana iliyoanzishwa mwaka 1975 na Susan Wood akiwa na akina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Leo wanawake wanaofanya kazi humo ni mamia. Utawaona wakiviringisha udongo shanga moja moja viganjani, wakizichoma tanuruni, wakizipaka rangi kwa brashi nyembamba, kisha zinarudishwa motoni. Bei imeandikwa, hakuna dalali.

Ukiwa na siku moja tu Nairobi, acha Karen na uitumie yote Ngara na Kariokor, na uondoke kabla ya foleni ya saa kumi na moja jioni.