Goti Lililopotoka Katika Tenisi

Ndugu, mchezaji wa tenisi hukimbia, husimama ghafula, hugeuka. Wayo ukikaza chini na mwili ukigeuka, goti hupotoka, na kano ya ndani yaweza kukatika. Kwa hiyo pasha mwili moto kabla ya kucheza.

Goti likivimba kabla ya saa 2 kupita, mara nyingi damu imeingia ndani: nenda kwa mganga, hata maumivu yakipungua. Nenda vilevile lisipokunjuka, au ukishindwa kutembea hatua 4. Siku 2 za kwanza usilikande wala kulitia maji ya moto (wazee wetu hupenda sana kukanda!), maana uvimbe utazidi. Weka kitambaa cha maji baridi dakika 20, funga bandeji bila kukaza sana, inua mguu juu ya mto. Usirudi uwanjani mpaka uweze kuruka kwa mguu ule peke yake bila maumivu.