SOMO: SAMAKI MGENI AKISHAINGIA MTONI

Kila tukitembelea vikundi vyenye mabwawa ya samaki tunaulizwa: je, samaki wa kigeni akishaingia mtoni anaweza kuondolewa? Tutazame vile wenzetu wa Idaho, Marekani, wanavyojaribu.

Huko kuna samaki aina ya trauti aliyeletwa kutoka mashariki mwa nchi hiyo. Alizaana sana, akawasonga trauti wenyeji. Kumvua hakummalizi, na sumu ikitiwa mtoni inaua hata wale wanaotakiwa kuokolewa. Kwa hiyo mwaka wa 2008 idara ya samaki ya Idaho ilianza njia nyingine.

Trauti jike ana chembe za urithi X mbili. Dume ana X moja na Y moja. Kwa hiyo baba ndiye anayeamua jinsia ya mtoto, sawa na sisi wanadamu. (Akina baba mnaolaumu mama kwa kuzaa wasichana watupu, mmesikia?)

Wataalamu waliwalisha vifaranga chakula chenye homoni ya kike. Hata wale wa kiume wakakua wakitaga mayai. Mayai hayo yakarutubishwa na dume wa kawaida, na karibu robo ya watoto wakawa na Y mbili. Dume wa namna hiyo hana X ya kumpa mtoto, basi watoto wake wote ni madume. Hakutiwa urithi wa mnyama mwingine. Tangu 2014 madume hawa wamekuwa wakiachiliwa katika vijito vya majaribio. Wakizaa, majike yanapungua mwaka hadi mwaka, na yakiisha, madume yanazeeka bila kuacha uzao.

Lakini hii si kazi ya siku moja! Lazima kuachilia madume miaka mingi, kuwapunguza wale wa zamani, na kuhakikisha wengine hawaingii kutoka mto mwingine. Katika kijito kidogo inaweza kufaa. Ziwa Victoria ni jambo lingine kabisa, na tena mbuta, ingawa ni mgeni, analisha jamii nyingi.

Kwetu hatari iko karibu zaidi. Nyamami aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na ngege wa asili akapungua sana. Ngege bado yuko Ziwa Kanyaboli, Siaya, lakini nyamami anaweza kuzaana naye na kuharibu uzao wake. Wengi wetu hufuga nyamami huyo huyo. Vifaranga madume watupu ni vizuri kwa bwawa kwa sababu hawajazani humo. Hata hivyo dume akitoroka na mafuriko atapata jike huko nje. Basi fungeni wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, na mwinue kingo kabla ya mvua ndefu.

Ya kuzungumza kikundini:
Maji ya bwawa letu yakifurika yanakwenda wapi?
Vifaranga vyetu tulivinunua wapi, na ni aina gani?
Ni nani atakagua wavu kila wiki wakati wa mvua?